Dumu Juu ya Dungu

Jumapili alasiri Zaidi alikuwa ameshapitisha kitanzi cha kukwelea miguuni, mkono mmoja uko kwenye shina la mvumo, mti mrefu kama mnazi, mkewe alipomwita kutoka juu ya dungu.

"Baba Rukaiya, uache huo waya," alisema Kijakazi. "Uache mpaka kesho jua likipanda. Mpunga uko kwenye maziwa. Kwelea watatumaliza kwa asubuhi moja."

Ndivyo alivyosema, na kama maneno yangekuwa yanarudishwa kinywani, mwanamke huyu angeyarudisha hata kwa meno yake ya mbele. Lakini siku ile yalikuwa maneno ya akili. Punje ya mpunga ukiiminya ilitoa maji meupe, na hapo ndipo kwelea wanapoupendea. Ndege hao wadogo walikuwa wakija alfajiri kutoka kwenye matete ya mtoni, maelfu kwa maelfu, na asiyewaamia huvuna majani. Bonde zima la Mkongo lilikuwa limehamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo ambavyo mtu hukaa akalinda shamba lake tangu mpunga unapochanua hadi siku ya kuvuna.

Wengine waliamia kwa kupiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Zaidi alikuwa na waya. Alikuwa amepata waya mnene wa chuma, wa seng'enge isiyo na miiba, akaufunga juu kabisa ya mvumo uliokuwa mpakani, akauvusha juu ya jaruba la dada yake Maimuna na la kwake, ukaishia kwenye nguzo ya dungu. Makopo matupu ya rangi na ya maziwa ya unga yalining'inia kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyekaa dunguni akivuta, makopo yalilia mpaka ng'ambo wakageuka. Watu walikuja kuuangalia waya ule, na Zaidi akawa anaueleza kama mtu aliyeuvumbua. Maskini akipata kitu kimoja cha kujivunia, si vizuri kumnyima.

Ijumaa, baada ya sala, Haruna mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita na kipaza sauti. Jumatatu asubuhi, alisema, kampuni inayonyunyizia dawa ya kwelea italeta marubani wanafunzi wafanye mazoezi juu ya bonde. Watamwaga maji matupu. Kamba zote zishushwe, na mtu asikae dunguni. Watu walicheka. Waletewe maji kwa ndege, na Rufiji ule pale! Ingekuwa dawa, kila mtu angeshusha kamba mapema na kufungia kuku ndani, maana dawa wanaijua na wanaiogopa. Lakini mwanafunzi? Mtoto akifundishwa kupiga kafi haanzii kwenye mkondo, huanzia ukingoni. Basi waliona, na hakuna aliyewaambia vingine, kwamba ndege ya mwanafunzi itapita huko juu salama, na kushuka itashuka siku atakapofuzu. Kumbe kushuka ndiko kulikokuwa somo lenyewe.

Haruna alirudi Jumapili hiyo na baiskeli na daftari, akiandika nani ameshusha na nani bado. Zaidi alimjibu huku anakaza kitanzi. "Nashusha sasa hivi, Mwenyekiti. We andika tu." Haruna akaandika, akapanda baiskeli akaenda zake. Ndipo Kijakazi akaita.

Zaidi aliutazama mvumo kwenda juu, akamtazama mkewe. Goti lake la kushoto lilikuwa linamuuma tangu masika. Akavua kitanzi, akakitundika begani.

*

Ndege ile ya manjano ilikuja mapema kuliko walivyodhani, jua halijatoka vizuri, kwa sababu asubuhi ndiyo upepo unakuwa umetulia. Kijakazi alikuwa dunguni anavuta waya. Aliisikia kwanza, kisha akaiona upande wa barabara. Ilikuwa chini. Magurudumu yake yalikuwa yanakaribia kugusa masuke, ikafika mwisho wa shamba la watu wa chini, ikapanda, ikageuka, ikashuka tena. Ilimwaga maji, na maji yale yalimetameta kidogo kabla hayajaanguka. Watu walisimama matutani wakawa wanaipungia mikono, watoto na watu wazima.

Kijakazi aliangalia waya juu ya kichwa chake, akaangalia ndege inakogeukia. Alimwita mumewe, lakini Zaidi alikuwa mfereji wa chini anaziba maji, hakusikia. Akavua khanga ya mabegani, akaipunga kwa mikono miwili, akapiga kelele zake zote. Rubani alimwona. Hilo Kijakazi hatalisahau, kwamba alimwona. Ndege ilitikisa mabawa, hili juu, hili chini, mara mbili, kama mtu anayeitikia salamu. Alikuwa amepungiwa bonde zima asubuhi ile, angejuaje kwamba khanga ya huyu mmoja inamwambia asije?

Makopo yote yalilia mara moja. Halafu mvumo ukatikisika, na ndege ikaingia kwenye mpunga wa Zaidi kwa pua, ikapinduka.

Kijakazi ndiye aliyefika wa kwanza, anakimbia kwenye matope mpaka magotini. Rubani alikuwa ananing'inia kwenye mikanda, kichwa chini, damu na matope vimechanganyika usoni. Alikuwa kijana. Alifungua macho.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "kulikuwa na waya." Kisha akasema, "Naomba maji."

Maji yalikuwapo. Dumu la lita tano lilikuwa juu ya dungu, limefungwa gunia bichi ili yakae baridi, hatua thelathini tu. Kijakazi aligeuka ayafuate, na alipogeuka akauona waya. Ulikuwa umekatika upande wa dungu, unaning'inia kutoka juu ya mvumo, makopo yanameremeta kwa jua, kila mwenye macho anauona. Na akamwona mumewe anakimbia, na hakuwa anakimbilia ndege. Alikuwa anakimbilia mvumo.

Alisimama. Ndiyo dhambi yake yote, kwamba alisimama. Alimtazama Zaidi akikwea bila kitanzi, kwa goti lile bovu, panga amelibana menoni, akawatazama watu wanaokuja kwa mbali kwenye matuta, akawa anapima nani atawahi. Waya ulipoanguka, akakimbilia mwisho mwingine, akaukunja pamoja na makopo, akausukuma chini ya majani ya dungu. Ndipo akakumbuka. Akapanda ngazi, akachukua dumu, akarudi nalo mbio. Kijana alikuwa hana haja ya maji tena.

Watu walipofika walimkuta Kijakazi amepiga magoti matopeni, dumu mkononi, kizibo kimefunguliwa. Mmoja akamwambia mwenziwe, "Mama wa watu kampa maji, masikini." Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo. Kijakazi hakulikubali wala hakulikataa, na neno lisilokataliwa mapema huota mizizi.

*

Wachunguzi walikuja siku mbili. Walipima, walipiga picha, walikanyaga mpunga uliobaki na gari lao la kuvutia mabaki ya ndege. Haruna alionyesha daftari: kamba zote zimeshushwa, na jina la Zaidi limo. Mwalimu wa yule kijana, ambaye siku ile alikuwa amesimama barabarani na redio, aliwaambia kwamba alimwona mwanafunzi wake akitikisa mabawa kusalimia watu, na hilo hakumfundisha. Alisema huku anafuta macho, lakini alilisema.

Kijakazi aliitwa chini ya turubai, akapewa kiti cha plastiki na soda ya moto. Waliongea naye kwa adabu. Wakamuuliza kama rubani alitamka neno lolote.

"Hapana," alisema. "Nilimkuta keshakata roho."

"Lakini tumeambiwa ulimpa maji, mama."

Kijakazi aliiangalia soda. Akasema alimtia maji midomoni tu, kama anavyofanyiwa maiti. Yule bwana akaandika na hilo pia. Kisha akamshukuru kwa utu wake, na Kijakazi akarudi nyumbani na soda haijapungua.

Zaidi aliuzika waya kwenye kichuguu, makopo akayatupa mtoni moja moja. Wa kwanza kujua alikuwa Maimuna, dada yake, maana waya ulipita juu ya shamba lake, na hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Maimuna alikuja jioni hiyo akakaa barazani, akavua viatu, akasema maneno machache. Aliyekufa harudi, alisema. Ila Zaidi akifungwa, na yeye kwa umri ule harudi vilevile. Basi kila mtu ashike ulimi wake, Mungu ndiye ajuaye siri. Kijakazi alikuwa anachambua mboga. Hakumjibu wifi yake, na Maimuna akachukulia kwamba wameelewana.

*

Rukaiya, binti yao aliyeolewa Kibiti, alikuja wiki ya nne kuwasaidia kuvuna kilichobaki. Alikuja na simu yake, na simu ilikuwa na habari zote. Marehemu aliitwa Twalha Abdurahmani. Hakuwa mtu wa mbali, ni mtoto wa Mohoro, huko kwenye delta, baba yake ana duka la nguo. Na watu walikuwa wameandika. Rukaiya aliwasomea kwa sauti huku anakula muhogo. Mmoja ameandika kwamba kijana alikuwa anajionyesha kwa watu wa kwao. Mwingine, kwamba ndiyo taabu ya kumpa mtoto wa delta ndege, si mtumbwi huo. Mwingine alisema katika msikiti fulani hukohuko kwao imamu ametoa mawaidha juu ya kiburi cha vijana, na kila mtu amejua anasemwa nani.

"Inatosha," Zaidi alisema.

"Nakusomea tu, baba. Si mie nilosema."

"Nimesema inatosha."

Zaidi alitoka nje. Kijakazi alibaki ametazama simu ya mwanawe, ile picha ndogo ya kijana amevaa miwani ya jua, anacheka, mkono uko kwenye bawa la manjano. Aliomba aikuzwe. Rukaiya akaikuza kwa vidole, na uso ukaja mpaka karibu. Kijakazi hakuwa ameuona uso ule ukiwa safi. Alijuta kuomba.

Siku zile alikuwa halali vizuri, lakini hilo si ajabu, watu wengi hawalali. Lililomsumbua lilikuwa jambo dogo. Kila akishika kata ya maji, akili yake ilihesabu hatua thelathini. Akichota mtungini, akimwagia miche, akimnawisha mumewe mikono, hatua thelathini zilikuwa zinamsubiri. Angeweza kwenda na kurudi. Zaidi angekwea mvumo hata kama yeye asingesimama kumtazama. Waya ungeanguka vilevile, na kijana angekunywa.

*

Mzee Abdurahmani alikuja siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nane arobaini ifike. Aliletwa na bodaboda mbili, moja imempakia yeye, ya pili imepakia viroba viwili vya mchele. Alikuwa mzee mfupi, kanzu imepigwa pasi vizuri, ila viatu vimejaa tope kwa kuwa alipitishwa kwanza shambani. Akabisha hodi, akasalimia vizuri, akakataa kiti chenye mto akakaa kwenye mkeka.

Zaidi alijua mara moja ni nani, kwa yale macho ya mtu aliyefiwa. Akakaa naye. Kijakazi akaleta chai, akataka kurudi jikoni, mzee akamwomba abaki.

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu," alisema. "Siku ya maziko nilisimama makaburini nikauliza, kama desturi, nani anamdai marehemu, nani alikosewa naye, aseme tumlipe au amwachie. Hakusema mtu. Lakini wewe, bwana Zaidi, hukuwepo. Na mwanangu amekuharibia shamba. Nimeliona sasa hivi. Mpunga wa mtu, umebakia wiki chache uvunwe." Akaonyesha viroba kwa mkono. "Sitaki arobaini yake imkute na jasho la mtu shingoni. Nimekuletea mchele, najua hautoshi. Nakuomba umpe radhi."

Kuku alipita, akafukuzwa na mtu asiyemwangalia.

"Nimemsamehe, mzee," Zaidi alisema.

Alisema akitazama mkeka. Mzee Abdurahmani alinyoosha mikono yote miwili, akaushika mkono wa Zaidi, akaubusu. Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, akaubusu mkono uliokata waya. Zaidi hakuuvuta, na hakuuacha pia, ukakaa tu pale kama si wake.

"Na wewe, mama," mzee alimgeukia Kijakazi. "Nimeambiwa ndiwe uliyempa maji. Mama yake hajala chakula cha maana tangu siku ile, lakini akikumbuka hayo maji, anatulia. Anasema, walau hakufa na kiu. Mungu akulipe." Kisha sauti ikapungua. "Nina neno moja, unisamehe. Kwetu watu wanasema alikuwa anajionyesha. Wamelisema hata msikitini, mie nimekaa safu ya mbele. Mimi namjua mwanangu. Lakini kila baba anasema hivo. Wewe ulikuwa karibu. Niambie tu kweli, nitaipokea. Alikuwa anacheza?"

Zaidi aliinua kichwa akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yanamwomba, na Kijakazi aliyaelewa vizuri, amekaa nayo miaka ishirini na sita.

"Hakuwa anacheza," Kijakazi alisema. "Aliniona mie napunga khanga. Nilikuwa namkataza asije, yeye akadhani namsalimia, akaniitikia. Kulikuwa na waya, baba. Waya wetu wa kuamia kwelea. Tuliambiwa ushushwe, nami nikasema uachwe mpaka asubuhi. Aliupiga. Aliniambia mwenyewe, mama, kulikuwa na waya. Wachunguzi walipouliza, nikasema hakusema kitu."

Mzee Abdurahmani aliweka kikombe chini. Kilikuwa na chai nusu, na alikiweka taratibu, kwa kuogopa kumwaga chai ya watu.

"Nioneshe," alisema mwishowe.

Walikwenda wote watatu mpaka kwenye mvumo. Juu kabisa, chini ya makuti, fundo lilikuwa bado lipo, maana siku ile Zaidi alikata chini yake kwa haraka. Zaidi hakuambiwa kitu. Alivaa kitanzi, akakwea, goti likimuuma, akawa anagonga juu huko kwa panga kwa muda mrefu. Alipotelemka alikuwa na pete ya waya iliyoshika kutu, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee akaifunga ndani ya leso yake.

"Nilikuja kuomba," alisema. "Sasa sijui nani amwombe nani."

Zaidi alianza kusema kitu juu ya kukosea, juu ya kampuni, juu ya kutojua kwamba mwanafunzi atashuka vile. Mzee alimwacha aseme mpaka akachoka mwenyewe. Kisha akasema kwamba yeye hatawapeleka popote kwa mkono wake, waende wenyewe kituoni, wakaseme kwa midomo yao. Na Ijumaa ya arobaini waje Mohoro. Lililosemwa msikitini likanushwe msikitini.

"Radhi yangu utaisikia hukohuko, mbele za watu," alimwambia Zaidi. "Ya mama yake siwezi kukupeni mie. Ni yake."

Zaidi alitaka kurudisha viroba vya mchele kwenye bodaboda. Mzee akatikisa kichwa. "Uache. Nikirudi nao, mama yake ataniuliza kwa nini mmekataa. Nami sitaki kumwambia haya njiani, nataka kumwambia nimekaa."

*

Walikwenda kituoni siku ya pili, na ni Zaidi aliyesema mengi. Alisema waya ni wake, aliyedanganya kwenye daftari ni yeye, aliyekata ni yeye. Neno la mkewe la Jumapili hakulitaja, na Kijakazi alipotaka kulitaja mumewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Wakaandikwa, wakawekewa dhamana na Haruna, ambaye sasa alikuwa na aibu yake mwenyewe ya kubeba. Wakaambiwa wataitwa. Maimuna aliposikia, alikuja barazani akasema Kijakazi ameivunja nyumba ya kaka yake, akaenda zake bila kuaga. Mpaka leo akipita njiani humsalimia Zaidi peke yake.

Asubuhi ya arobaini walipanda gari kwenda Ikwiriri, wakavuka daraja, wakashuka Nyamwage, wakachukua bodaboda mpaka Mohoro. Walipokuwa wanasubiri pale Nyamwage, Kijakazi alimwambia mumewe kwamba kuna jambo bado. Akamweleza habari ya maji. Zaidi hakuwa anajua. Naye alikuwa ameamini kama watu wote. Akamuuliza kama atalisema.

"N'talisema," alisema Kijakazi. "Sitaki kwenda na nusu. Nusu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Nyumba ya Mzee Abdurahmani ilikuwa ya zamani, ya mawe, karibu na msikiti. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, wanawake ndani. Hitma ilisomwa, ikamalizika. Kipaza sauti kikapewa Zaidi, na sauti yake ikaingia ndani kupitia spika, imekwaruzika, inakatika. Alisema jina lake na anakotoka. Alisema waya ulikuwa wake, aliambiwa aushushe akadanganya kwamba ameushusha, na ndege ilipoanguka alikimbilia kuukata badala ya kumkimbilia mtu. Twalha hakuwa anajionyesha, alisema. Twalha alikuwa kazini. Watu walinyamaza kimya cha kusikia aibu yao wenyewe. Kisha ikasikika sauti ya Mzee Abdurahmani, si kwenye spika, mbali kidogo, akisema amemwachia kwa ajili ya Mungu.

Ndani, wanawake walikuwa wamegeuka wote kumtazama Kijakazi. Mmoja aliyekaa karibu naye alijisogeza, kama anayempisha mtu mwingine akae katikati yao.

"Mleteni," ilisema sauti kutoka pembeni.

Mwanawetu, mama yake Twalha, alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, buibui limemkaa kubwa. Kijakazi alipiga magoti mbele yake. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu Nyamwage, yako mdomoni.

"Ndiwe wa maji?" Mwanawetu aliuliza.

"Ndiye mie, mama, lakini—"

"Ngoja niseme mie kwanza." Alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa na homa. "Mumeo alipotaja waya, ulimi wangu ulikuwa ushanyanyuka kukulaanini. Wallahi ulikuwa ushanyanyuka. Wewe na yeye na kizazi chenu. Halafu nikakumbuka maji. Nikasema, Mwanawetu, huyu ndiye aliyemnywesha mwanao mara ya mwisho, baada yake hakuna mwengine. Utamlaani vipi?" Alimtazama usoni, karibu sana. "Niambie. Alikunywa?"

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Kijakazi alifungua mdomo. Aliutazama uso ule, na alikuwa ameshauona hapo kabla, mdogo, kwenye simu, unacheka. Kweli ilikuwa neno moja tu, fupi kuliko la uongo.

"Alikunywa," alisema. "Kidogo."

"Yalikuwa baridi?"

"Dumu nalifunga gunia bichi, mama. Yalikuwa baridi."

Mwanawetu alifumba macho, na machozi yakapita pembeni yakashuka mpaka kwenye buibui. "Basi nimekuachia," alisema. "Waya, na kukata, na kunyamaza, na yote. Kwa maji yale." Wanawake wakaitikia amina, na yule aliyejisogeza mwanzo akamwekea Kijakazi mkono mgongoni.

Pilau ikaletwa. Kijakazi aliisogeza sahani yake kwa aliyekaa karibu naye. Walipokuwa wanaondoka, Zaidi alimkuta mlangoni akamuuliza kwa sauti ya chini kama amesema lile jambo. Alimjibu kwamba amepewa radhi. Zaidi alimtazama kidogo, kisha akashika njia mbele, hakuuliza tena.

Bodaboda ilikuwa imeshawashwa msichana mmoja alipotoka ndani anakimbia, ameshika dumu dogo, limefungwa kitambaa kibichi. Lilikuwa linatiririka baridi. "Bibi kasema mchukue haya," alisema. "Kasema wewe huwezi kutoka nyumbani kwake ukashikwa na kiu njiani."

Kijakazi alilipakata kutoka Mohoro mpaka Mkongo. Kwenye gari Zaidi alishikwa na kiu, akanyoosha mkono, naye akalisogeza upande wa pili. Jua lilikuwa kali na koo lake mwenyewe lilikuwa kavu, lakini hakuweza kuyanywa maji yale, na hakuweza kuyamwaga.